Fedha za Serikali: Nani Hutoa, Nani Hushika, Nani Hupata

Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa Ngara na Biharamulo



Kamati imetutaka tuseme maneno machache juu ya utaratibu wa fedha za Serikali, uzuri wake na upungufu wake, hasa kwa kutazama mambo yaliyopita na yanayopita katika wilaya zetu hizi mbili. Tumekubali, ingawa jambo lenyewe ni zito na muda ni mfupi. Sababu ya kukubali ni kwamba hapana fedha ya Serikali iingiayo wala itokayo pasipo kupita mikononi mwa watu kama sisi. Sisi ndio tuandikao stakabadhi. Sisi ndio tuwaambiao wagonjwa ya kuwa dawa zimekwisha. Mtu wa Rulenge au wa Nyakahura akitaka kujua kodi yake imekwenda wapi, hapandi gari kwenda Dodoma kuuliza. Huja mbele ya meza zetu. Basi ni aibu mtu kushika kalamu kila siku asijue maana ya hesabu aandikayo.

Tunapotaja utaratibu wa fedha za Serikali twataja mambo matatu: kwanza, nani atoa fedha, pili, nani azishika, tatu, nani azipata zinapotumiwa. Mtu akisifu au akilaumu jambo moja tu katika hayo matatu, hukumu yake ni nusu. Kodi yaweza kuwa ya haki lakini matumizi yake mabaya. Na matumizi yaweza kuwa mema hali fedha zenyewe zimekamuliwa kwa mtu asiye nazo. Kwa hiyo tutayatazama yote matatu kwa zamu, lakini kwanza turudi nyuma kidogo.

HABARI ZA ZAMANI

Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa na Wadachi mwaka 1897, ikaanza kutumika mwaka 1898, nayo ilikuwa rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Waingereza walipoishika nchi waliitengeneza upya kwa Sheria ya Kodi ya Nyumba na Kodi ya Kichwa ya mwaka 1922. Kodi hiyo ilikuwa na makusudi mawili. La kwanza ni kuipatia Serikali fedha. La pili ni kuwatoa vijana majumbani waende kufanya kazi ya mshahara. Pande zetu hazikuwa na mashamba makubwa ya mkonge wala njia ya reli. Kwa hiyo vijana wengi walikwenda kwa miguu hata Buganda, kulima mashamba ya watu wengine ili wapate shilingi za kodi. Asiyekuwa na fedha aliweza kutakiwa alipe kwa jasho lake katika kazi za Serikali. Baadaye kahawa iliposhika mizizi Bugufi na wakulima wakaunda ushirika wao, baadhi ya watu waliweza kupata fedha ya kodi pasipo kuziacha nyumba zao.

Tukitaka kusema kweli, kodi ile ilikuwa na uzuri wake. Ilikuwa wazi. Kila mtu alijua kiasi atakachotoa, akatoa, akapewa cheti. Tena baada ya Sheria ya Utawala wa Wenyeji ya mwaka 1926, iliyoletwa na Gavana Sir Donald Cameron, sehemu ya kodi ilibaki katika Hazina za Wenyeji, ikalipa machifu na makarani wao na kazi nyingine za pale pale. Mtu aliweza kuonyesha kwa kidole kitu kilichofanywa kwa fedha yake. Lakini ubaya wake ulikuwa mkubwa kuliko uzuri huo. Ilihesabu vichwa, haikuhesabu mifuko. Mwenye ng'ombe mia na mwenye jembe moja walisimama mstari mmoja. Tena mtoaji hakuwa na sauti katika kuamua matumizi. Aliitwa barazani kuambiwa, wala hakuitwa kuulizwa.

Tumeyataja haya kwa kuwa mengi katika mambo ya leo ni majibu ya mambo yale. Asiyejua swali hawezi kupima jibu.

NANI HUTOA?

Mwaka 1969 Serikali ya Tanzania iliifuta kodi ya kichwa iliyotozwa na halmashauri, na mwaka uliofuata ushuru wa mazao nao ukaondolewa. Halmashauri zilipofufuliwa katika miaka ya 1980, kodi hiyo ilirudi kwa jina jingine, ikaitwa kodi ya maendeleo. Wengi wetu twakumbuka jinsi ilivyokusanywa. Mgambo walitega njia siku za gulio, na wanaume wazima walilala porini kama wezi kwa sababu ya shilingi chache. Gharama ya kuwafukuza watu ilikula sehemu kubwa ya fedha iliyopatikana. Mwezi wa Juni 2003 Serikali iliifuta kodi hiyo pamoja na ushuru mdogo mdogo wa namna nyingi uliowasumbua watu. Hili twalihesabu kuwa tendo jema. Heshima ya mtu maskini ilirudi, na karani akaacha kuwa adui wa kijiji.

Lakini tusidhani ya kuwa tangu siku ile mkulima halipi. Analipa, ila hapewi cheti. Mwaka 1998 Serikali ilileta kodi ya ongezeko la thamani, kwanza asilimia 20, na tangu mwaka 2009 asilimia 18 huku Bara. Kodi hiyo imo ndani ya bei ya sabuni, bati na saruji. Ina uzuri: chakula kisichosindikwa, kama mahindi, maharage na ndizi mbichi, hakitozwi, na anunuaye vingi hulipa zaidi. Upungufu wake ni kwamba mtoaji haioni, na kwa kuwa haioni haulizi imefanya nini.

Tuchukue mfano wa mafuta ya taa, uonyeshao uzuri na upungufu ndani ya jambo moja. Zamani mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo kwa kuwahurumia maskini. Wafanya biashara wasio waaminifu wakayachanganya na dizeli ili wapate faida, wakaharibu magari ya watu na kuipunja Hazina. Kwa hiyo mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 kwa lita hata kupita shilingi 400. Hila ile ikakatwa, na hilo lilikuwa kusudi jema. Lakini aliyekatwa pamoja na mwenye hila ni mwanafunzi wa kijijini asomaye kwa kibatari, ambaye hajawahi kuchanganya dizeli maishani mwake. Serikali ilipata haki kwa upande mmoja na kuipoteza kwa upande mwingine. Katika mambo ya fedha haitoshi kuuliza kama kusudi ni jema. Yatupasa kuuliza pia ni nani ataulipa wema huo.

Sasa tuje kwa ushuru wa mazao. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 iliziwezesha halmashauri kutoza ushuru huu, nao kwa miaka mingi ulifika asilimia 5 ya bei. Mwaka 2017 Serikali iliupunguza, ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na asafirishaye mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja hata nyingine akaachiwa. Hapana shaka hilo lilikuwa jema. Lakini ushuru huu una kilema cha asili, ambacho kupunguza kiwango hakukiponyi: hutozwa juu ya bei, wala hautazami faida. Ingawa mnunuzi ndiye akabidhiye fedha, aghalabu huzikata katika bei ampayo mkulima.

Tufanye hesabu kama makarani. Tuseme mkulima wa Bugufi ameuza kahawa yake kwa shilingi 1,000,000, naye ametumia shilingi 900,000 kwa vibarua, mbolea na usafiri. Faida yake ni shilingi 100,000. Ushuru wa asilimia 5 ulikuwa shilingi 50,000, yaani nusu ya faida yake. Ushuru wa asilimia 3 ni shilingi 30,000, yaani karibu theluthi ya faida. Mwaka wa mvua mbaya, asipopata faida yo yote, bado ushuru utadaiwa. Sasa tujitazame sisi. Kwa kipimo kilichowekwa mwezi wa Julai 2021, mtumishi ambaye mshahara wake hauzidi shilingi 270,000 kwa mwezi hatozwi kodi ya mshahara hata senti moja, na anayezidi hapo huanza kwa asilimia 8 ya kile kilichozidi. Twalalamika sana juu ya makato yetu, na pengine tuna sababu. Lakini mezani petu hukaa mtu mwenye faida ya shilingi 100,000 kwa mwaka mzima, naye hukatwa theluthi. Mkulima akiona hivyo huuza kahawa yake ingali maua kwa mtindo wa butura, au huvusha gunia mpakani usiku wa manane. Sisi humwita mtu wa magendo. Ni kweli amevunja sheria. Lakini sheria nayo ilimsukuma.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni tozo ya miamala ya simu. Ilianza tarehe 15 Julai 2021, na kwa muamala mkubwa ilifika shilingi 10,000. Kusudi lake lilitajwa waziwazi, yaani vituo vya afya, madarasa na barabara, na majengo kweli yakaonekana. Lakini fedha atumayo mwalimu kwa mama yake aliye kijijini ilikuwa imekwisha kukatwa kodi katika mshahara. Kuitoza tena njiani kukawachukiza watu. Wakasema, na Serikali ikasikia: mwezi wa Septemba mwaka ule ule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena. Twajifunza ya kuwa kodi ionekanayo huleta maneno, na maneno ya watu huleta marekebisho. Kodi iliyofichwa hudumu kwa kuwa hapana aionaye.

NANI HUSHIKA?

Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa na kazi zao zikachukuliwa na Serikali Kuu. Sheria ya mwaka 1982 ilizirudisha, nazo zikaanza kazi tena mwaka 1984. Tangu wakati ule halmashauri zimekuwa na mapato yao, lakini sehemu kubwa sana ya fedha wanayotumia hutoka Hazina Kuu. Kodi ya maendeleo ilipofutwa, zilipewa ruzuku ya kufidia pengo. Kodi ya majengo nayo ilipelekwa kwa Mamlaka ya Mapato katika mwaka wa fedha 2016/17, na tangu mwaka 2021 hukusanywa katika malipo ya umeme.

Je, ni vema fedha kushikwa juu? Twaona upo uzuri wake, na wilaya ya Ngara ni shahidi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, wakakaa Benaco. Hapana halmashauri ya wilaya duniani ambayo ingaliweza kuubeba mzigo ule kwa ushuru wa ndizi na kahawa. Mambo kama hayo ni ya taifa zima, na hata ya mataifa, nayo yataka mfuko mkubwa ulio mahali pamoja. Kadhalika wilaya isiyo na dhahabu haifai kuachwa bila shule kwa sababu tu Mungu aliweka dhahabu kwa jirani.

Lakini upungufu wake nao ni mkubwa. Ngara hubeba malori yaendayo Rwanda na Burundi kupitia Rusumo na Kabanga. Vumbi, ajali na gharama za hospitali hubaki hapa, hali ushuru wa forodha na wa mafuta huingia Hazina Kuu. Hatusemi ushuru wa forodha uwe mali ya wilaya. Hilo lingevunja nchi vipande vipande. Twasema ya kwamba mzigo wa mpakani uhesabiwe wakati wa kugawa.

Biharamulo ina somo lake katika dhahabu. Mgodi wa Tulawaka ulianza kutoa dhahabu mwaka 2005 chini ya kampuni ya kigeni, na mwaka 2013 ukapita mikononi mwa Shirika la Madini la Taifa, ukaitwa Stamigold. Mrabaha wa dhahabu huenda Serikali Kuu: ulikuwa asilimia 3 kwa sheria ya mwaka 1998, ukawa asilimia 4 mwaka 2010, na asilimia 6 mwaka 2017. Halmashauri iliruhusiwa ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo. Tena katika mikataba kadhaa ya migodi mikubwa ya nchi hii siku zile, malipo ya halmashauri yaliwekwa kiasi kimoja, dola 200,000 kwa mwaka. Bei ya dhahabu duniani ilikuwa kama dola 445 kwa wakia mwaka 2005, nayo ilizidi dola 1,500 mwaka 2011. Lakini kiasi kilichofungwa katika mkataba hakikupanda nayo. Walioandika mikataba hiyo walitaka kuwavuta wenye mitaji, na mitaji ilikuja. Ila walisahau kuuliza: bei ikipanda, je, nani atapanda nayo?

Mapato ya madini si kama mapato ya kahawa. Kahawa huchumwa mwaka huu na kuzaa mwaka ujao. Dhahabu ikitoka ardhini imetoka. Kwa hiyo fedha ya mgodi ikitumiwa kwa posho na vikao, wilaya imekula mbegu zake. Ikitumiwa kwa maji, shule na zahanati, angalau shimo limeacha kitu juu ya ardhi. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

Ndugu zetu wa Ngara walishike somo hilo mapema, kwa ajili ya nikeli ya Kabanga. Mwezi wa Januari 2021 Serikali ilitia sahihi mapatano ambayo kwayo kampuni ya Tembo Nickel iliundwa, na Serikali ikawa na hisa za asilimia 16. Sheria ya madini baada ya mageuzi ya mwaka 2017 yamtaka mwenye mgodi apatane na halmashauri juu ya mpango wa kuwasaidia wakazi wa mahali. Hayo yote ni mema kuliko ya zamani. Lakini kiwanda cha kusafisha madini kilipangwa kujengwa Kahama, mkoa mwingine. Basi swali la karani ni hili: ushuru wa huduma utahesabiwa juu ya thamani ipi, ya mawe yatokapo Ngara au ya madini safi yatokapo Kahama? Na ukihesabiwa Kahama, Ngara itapata nini? Swali hilo laonekana dogo leo, lakini huenda likawa shule nyingi kesho. Yafaa liulizwe na kujibiwa kwa maandishi.

NANI HUPATA?

Tukija kwa matumizi, kwanza tutoe sifa palipo na sifa. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na tangu Januari 2016 elimu haina ada hata kidato cha nne. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi wakajaza madarasa. Huo ni mgawo wa haki, kwa maana mtoto wa maskini hupata alichopata mtoto wa tajiri.

Lakini tazameni fungu la kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Mpango ulioanza mwaka 2002 uliweka dola 10, yaani kama shilingi 10,000 za wakati ule. Mwaka 2016 fungu hilo lilikuwa bado shilingi 10,000, ambazo hazikufika dola 5. Hapana aliyetoa amri ya kulikata fungu la watoto. Lilikatwa na wakati, kwa kuwa tarakimu ilikaa mahali pake huku bei ya chaki na karatasi ikipanda. Kila karani wa hesabu ajue ya kuwa tarakimu isiyoguswa si tarakimu ileile.

Tangu mwaka 2004 Serikali ilianza kugawa ruzuku za halmashauri kwa kanuni, ikitazama mambo kama idadi ya watu, umaskini na umbali. Utaratibu huo ulikuwa bora sana kuliko ule wa kugawa kwa kujuana. Lakini uko mlango mmoja ambao haki hiyo hutokea nje, nao watuhusu sisi wenyewe. Sehemu kubwa ya ruzuku ni mishahara, na mshahara hauendi kwa kanuni, humfuata mtumishi. Wilaya yenye walimu wengi hupokea fedha nyingi, na yenye walimu wachache hupokea chache, hata ikiwa watoto ni sawa. Basi mwalimu apangiwapo Murusagamba akafanya kila hila arudishwe mjini, hahamishi mwili wake tu. Ahamisha na fedha ya Serikali iliyokuwa ije Murusagamba. Muuguzi akifanya hivyo Kalenge, ni vilevile. Bunge laweza kupitisha mgawo wa haki, nasi tukautangua kwa barua za kuomba uhamisho.

Tusiseme haya kwa kuwalaumu watumishi peke yao. Chama chetu ni mrithi wa kazi ya wale waliotangulia, kama Martin Kayamba na wenzake walioanzisha chama cha watumishi Waafrika huko Tanga mwaka 1922. Nao walikuwa na haki ya kudai. Mwaka 1948 Tume ya Holmes ilishauri Mwafrika mwenye cheo sawa na Mzungu apewe sehemu 3 katika 5 za mshahara wake, na watumishi hawakunyamaza. Katika miaka yetu kima cha chini cha mshahara wa Serikali kilipandishwa kwa asilimia 23.3 mwaka 2022, na mwaka 2025 kikapandishwa kutoka shilingi 370,000 hata shilingi 500,000. Twashukuru. Lakini nyongeza hii ni sawa kwa aliye mjini karibu na benki na kwa aliye mwisho wa barabara, ambaye nyumba hana na maji huyafuata mbali. Hapo ndipo dai letu linapopaswa kusimama: Serikali ikitaka watumishi wakae pembezoni, ijenge nyumba zao na itoe posho ya mahali pa shida. Kufanya hivyo si anasa ya watumishi. Ndiyo njia ya kuifikisha ruzuku mahali kanuni ilipoielekeza.

Upungufu mwingine ni wakati. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Kwetu kiangazi ni Juni hata Agosti. Huo ndio wakati wa kufyatua matofali na kupeleka mchanga. Ripoti za Mkaguzi Mkuu zimesema mara nyingi ya kuwa fedha za maendeleo hufika pungufu au huchelewa. Fedha ikifika mwezi wa Aprili, barabara ni tope na mafundi hawafikiki. Kisha Juni inakaribia, na kila mtu akimbilia kutumia kabla daftari halijafungwa. Hapo ndipo ukuta hujengwa kwa haraka na kupasuka kwa haraka. Fedha ileile ikifika Julai yaweza kuwa zahanati, na ikifika Mei ikawa hoja ya ukaguzi.

MAMBO YATUPASAYO

Wanachama wenzetu, tukiyajumlisha haya twaona hivi. Utaratibu wa fedha wa Serikali yetu umefanya vema katika mambo makubwa: umemwondolea maskini kodi ya kichwa, umewafungulia watoto shule, umeacha kugawa kwa kujuana na kushika kanuni, na mara kadhaa umejirekebisha watu waliposema. Umepungukiwa katika mambo haya: humtoza mkulima bila kutazama faida yake, huificha kodi katika bei, huiachia wilaya ya mpakani na ya madini mzigo mkubwa kuliko fungu lake, na huleta fedha wakati wa mvua.

Mengi katika hayo yako juu ya uwezo wetu. Lakini manne yako mikononi mwetu.

La kwanza, stakabadhi. Asiondoke mtu mezani petu bila stakabadhi ya kweli itokayo katika mashine ya Serikali. Mali bila daftari hupotea bila habari.

La pili, tangazo. Mkutano mkuu wa kijiji yapasa ufanyike kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe hapo. Tuyasome kwa Kiswahili chepesi, polepole, tena tubandike ukutani. Mtu asiyepata cheti cha kodi ya sabuni apate angalau kuona zahanati yake imepewa kiasi gani.

La tatu, kituo cha kazi. Kabla hatujaandika barua ya kuhama, tuhesabu ni fedha gani itahama pamoja nasi. Na Kamati ikiandika madai, iweke nyumba za watumishi wa pembezoni mbele ya madai mengine.

La nne, hoja kwa wakubwa. Madiwani na wabunge wetu hawana muda wa kusoma kila daftari, sisi tunao. Tuwaandalie hesabu zilizo wazi juu ya ushuru wa mazao unavyokula faida, juu ya mahali utakapohesabiwa ushuru wa nikeli, na juu ya tarehe ambazo fedha hufika kweli wilayani. Hoja yenye tarakimu hujibiwa, manung'uniko husahauliwa.

Twamaliza hapa. Kama tumekosa katika hesabu, yupo kati yenu atakayetusahihisha, nasi tutashukuru. Kwa kuwa yatosha kusikia bila kutenda, twaomba Kamati iweke jambo moja katika kitabu cha mkutano leo: kabla ya mkutano ujao kila mwanachama alete tarehe ambazo fedha za kituo chake ziliwasili katika mwaka wa fedha uliokwisha, nazo zipangwe katika karatasi moja kwa Ngara na moja kwa Biharamulo, zipelekwe kwa wakurugenzi wote wawili.